Kibao Kwanza, Gogo Baadaye

Wenzangu mliobaki na majembe,

Siku ya kuniaga mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kujenga njia za baiskeli za milimani, ili wanaoanza wapate cha kusoma. Nilicheka, maana mnajua hata ripoti ya wiki nilikuwa naiandika Jumatatu ya wiki inayofuata. Lakini sasa nina muda, magoti yamegoma, na kuna jambo ambalo nisipoliandika mimi hakuna mwingine wa kuliandika. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na makaratasi mengi zaidi na kuchimba kidogo zaidi.

Nilipoanza nilikuwa na miaka miwili Marekani. Nilikaa Bladensburg, chumba cha chini cha nyumba ya binamu yangu, na kila siku nilipanda basi na treni kwenda Alexandria kuegesha magari ya wageni wa hoteli. Mtu mmoja msikitini akaniambia kuna kampuni ndogo inatafuta watu wa kuchimba njia za baiskeli msituni. Nilidhani ananitania. Kwetu Muheza baiskeli ni ya kubebea machungwa, na ukimwona mtu anaiburuza msituni ujue hana njia nyingine. Kwamba mtu mzima mwenye gari lake aifunge baiskeli juu ya gari, aende nayo porini, azunguke saa mbili na kurudi palepale alipoanzia, hilo lilinishinda kabisa. Nilikubali kazi kwa sababu haikuwa na tai.

Kiongozi wa kikosi alikuwa Mkongomani wa Bukavu aliyeitwa Dieudonné, na sote tulimwita Papa. Kwao alikuwa mwalimu wa hisabati. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu na kofia ya sufi ambayo hakuivua hata Julai. Siku yangu ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha. Hakunipa jembe. Alinipa koti, akaniambia nimfuate, na asubuhi nzima tulitembea tukiangalia maji yanakopita.

“Petit, maji haina haraka,” alisema, na petit, yaani mdogo, ndilo jina alilonipa tangu siku hiyo. “Inatafuta tu fasi ya kupita. Wewe ukiinyima fasi, itakukamatia njia yote.”

Nilirudi nimelowa mpaka soksi, na nikamwambia binamu yangu kwamba nimeajiriwa na wendawazimu. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba siku ile nilifundishwa nusu ya kazi.

Sehemu yetu hii iko katikati, kama kwetu Muheza ilivyo katikati ya bahari ya Tanga na milima ya Usambara. Wenzetu wa magharibi, kwenye milima, wana mawe. Wa mashariki, kuelekea ghuba, wana mchanga. Sisi tuna udongo wa mfinyanzi. Ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji, ukilowa unang'ang'ania tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ndiyo maana tunafunga njia baada ya mvua, na ndiyo maana waendesha baiskeli wanatutukana. Mzoee kutukanwa. Mzoee na kupe, na ule mmea wa majani matatu unaowasha wiki mbili.

Kuhusu vifaa sina mengi. Reki ile nzito, yenye meno upande mmoja na jembe upande wa pili, ndiyo mke wa kwanza. Msiiazime kwa mtu. Mtaimbo ni wa kuchimbia mashimo ya nguzo. Msumeno wa injini muuogope kila siku, hata siku mnayodhani mmeuzoea. Na kipimio cha mteremko Papa alikuwa nacho lakini hakukitumia, aliangalia tu kwa jicho halafu mimi napima, na kila mara ilikuwa vilevile alivyosema. Iliniudhi sana.

Sasa nifike kwenye kazi ya kuua njia. Ndivyo tulivyoiita. Njia ya zamani ikianza kumomonyoka tunajenga mpya kando yake, halafu ile ya zamani tunaiua. Tunaufukua udongo ulioshindiliwa na magurudumu, tunapanda vichaka, tunalaza magogo kwa kukingama, tunatandaza majani makavu. Ikifanywa sawasawa, baada ya mwaka mmoja mtu anasimama pale na hajui kama palipita kitu. Katika kazi hiyo nilikuwa hodari kuliko wote. Nilijua kulaza tawi likaonekana limeanguka lenyewe, nilijua kugeuza jani upande wake wenye ukungu ukae chini. Papa alisema mikono yangu inaongopa vizuri, na mimi nikavimba kichwa.

Lakini kwa kuua njia alikuwa na sharti moja, na alilirudia kila mara hata kama ulilisikia jana. “Panneau kwanza, gogo nyuma.” Panneau ni kibao, kwa Kifaransa chake, sisi wengine tulisema kibao kwanza, gogo baadaye. Unasimamisha kile kibao chekundu cha kuonyesha njia imefungwa, kinakaa wiki nzima, watu wanakizoea, ndipo unalaza gogo. Sababu yake ni kwamba mwenye baiskeli haendeshi kwa macho peke yake. Anaendesha kwa kumbukumbu. Kona aliyoikata jana ataikata na leo kabla hajaifikiria.

Mwangi alikuja kwetu mwaka wangu wa tisa. Mkenya wa Nyeri, nesi wa wagonjwa mahututi, aliyekuwa akijitolea Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Alikuja na thamosi ya chai ya maziwa na binti yake Wambui, wa miaka tisa, aliyekaa juu ya gogo akifanya kazi za shule na kutujibu Kiingereza hata tukimsemesha nini. Mwangi alikuwa mchimbaji wa hivihivi tu. Lakini alikuwa na macho. Aliwahi kumwona kupe shingoni mwangu akiwa upande wa pili wa kijito, na mara moja alituzuia sote tusikanyage mahali ambapo hakuna mwingine aliyekuwa ameona mavu wakiingia ardhini. Nilipomsifu akasema, “Kazi ya nesi ni kuangalia, bro. Mikono inakuja baadaye.” Akitoka zamu ya usiku alikuwa haendi kulala moja kwa moja. Alipitia kwanza msituni na baiskeli yake, maana, alivyosema, ndipo kichwa kinaponyamaza.

Tulikuwa marafiki. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Ilikuwa vuli, siku ya Ijumaa. Papa alikwenda kwenye msiba wa Mkongomani mwenzake, akaniachia kikosi. Tulikuwa tunaua kipande cha njia kilichoshuka kwa kasi kuelekea kijito, chenye kona nyuma ya mti mkubwa wa gome jeupe. Njia mpya ilikuwa imefunguliwa jana yake. Mvua ilikuwa imetabiriwa kuanza usiku ule, na ikishanyesha tusingeweza kulisogeza gogo tena mpaka wiki nyingine, tungekwama kwenye matope. Gogo lilikuwa tayari, watu walikuwa tayari. Mtaimbo haukuwepo, kikosi kingine kilikuwa nao, na udongo ulikuwa mkavu mgumu. Nilipiga chepe mara mbili pale pa kuchimba shimo la nguzo, likaruka. Nikasema ile wiki ya kungoja tuiruke, kibao tutakiweka Jumatatu. Tukalaza gogo palepale nyuma ya mti, mahali ambapo mtu aliyesimama juu haoni kwamba kulikuwa na njia. Lilikaa vizuri sana, nikalisifu. Kibao kilibaki kwenye pikapu, kifudifudi, chini ya reki.

Mvua haikunyesha. Asubuhi ya saa mbili simu yangu ililia, mwanamke mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa ameona namba yetu kwenye ubao wa maegesho. Nilikuwa karibu, nilifika kabla ya ambulensi. Mwangi alikuwa amelala upande wa chini wa gogo, na baiskeli mbali kidogo mbele yake. Wiki ile yote alikuwa zamu, hakujua habari ya njia mpya. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu na mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

“Bakari,” alisema. “Sikuona.”

Nikamwambia asiongee. Wale wa ambulensi wakamfunga kwenye machela, wakambeba kupitia miti mpaka barabarani, na mimi nikaombwa nibaki na baiskeli. Nikampigia meneja wetu, akasema anatoka Virginia, atakuja kupiga picha, nisiguse kitu.

Hapo nilikuwa na saa nzima peke yangu. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Sikuufikiria mguu wa Mwangi, nilifikiria jina langu kwenye karatasi. Nilikwenda kwenye pikapu, nikatoa kibao, nikachimba lile shimo ambalo Ijumaa nilisema halichimbiki. Nilitumia chepe, na chepe liliposhindwa nikatumia vidole. Ilinichukua dakika ishirini. Nikasimamisha nguzo, nikashindilia kwa kisigino, nikachukua udongo uliobaki kwenye kofia yangu ngumu nikaumwaga kijitoni. Halafu nikatandaza majani, upande wa ukungu chini. Meneja alipofika alikuta kibao kinachoonekana kimesimama tangu jana. Akapiga picha. Nikasaini maelezo kwamba kiliwekwa Ijumaa jioni. Wale vijana wawili niliokuwa nao Ijumaa niliwaambia nilirudi jioni kukiweka, na hawakuwa na sababu ya kutoniamini.

Jumatatu Papa alikwenda pale peke yake. Alisimama mbele ya kibao kwa muda, akakanyaga udongo wa chini ya nguzo kwa ncha ya kiatu, akarudi kwenye pikapu. “Kazi ya muzuri, Monsieur Bakari,” alisema. Kwa miaka yote ile nilikuwa petit. Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu hakuniita tena petit, hata mara moja, na mbele ya watu wote aliniita Monsieur kwa heshima kamili. Vijana walidhani nimepanda cheo.

Nyonga ya Mwangi ilivunjika, na paja. Walimtia vyuma. Baada ya miezi alitembea kwa fimbo, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na madaktari wakasema anaweza kurudi kazini mahali pa kukaa, kwenye kliniki au kuangalia dawa. Hospitali yake ilikuwa tayari kumpokea. Lakini kabla ya hapo alikuja ofisini kwetu kuomba aone picha. Alitaka kujua alikosea wapi. Meneja akamwekea picha mezani, na mimi nilikuwepo, nimesimama karibu na kabati la funguo.

Aliiangalia muda mrefu. Herufi za kibao kile ni kubwa kama kiganja.

“Sign kubwa hivyo,” alisema. “Na nili-miss.”

Pale palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Hakurudi unesi. Mkewe Njeri, ambaye anahudumia wazee majumbani, alimsihi, mchungaji wao alimsihi, mimi pia, Mungu anisamehe, nilikaa sebuleni kwao nikamsihi. Alitusikiliza sote kwa upole. “Mtu ame-miss kitu kubwa nyekundu mchana kweupe,” alisema, “kesho ata-miss nukta ya kipimo kwa dripu ya mama ya mtu. Siwezi.” Akaacha hata kuendesha gari. Alichukua kazi ya kibanda cha maegesho Alexandria, kutoa tiketi na kuinua kizuizi, si mbali na hoteli niliyoikimbia mimi.

Na ikaendelea kummega polepole, mwaka hadi mwaka. Akizima jiko alimwita Wambui aje aangalie kama limezimika. Barua ikija alimpa Wambui asome. Dawa zake za maumivu, yeye aliyekuwa akiwapa watu dawa za kuwashikilia hai, alimpa binti kichupa amsomee ni vidonge vingapi, halafu amsomee tena. Mtoto alikua hivyo, ameunyoosha mkono kabla hajaombwa. Mimi nilikuwa naenda kwao kila Idi na sahani ya pilau, na Krismasi walinialika. Njeri alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba wa baiskeli wote walitokomea, aliyebaki ni Bakari. Nilikuwa nakula huku nasikia hivyo, na chakula kilishuka.

Papa alistaafu mwaka wa nne baada ya ajali. Siku ya kuondoka alinipa reki yake, ile mnayoijua, yenye mpini uliofungwa kamba. Tulikuwa wawili tu kwenye stoo.

“Ile fasi ya panneau ulichimba na mikono,” alisema. “Niliona kucha zako ile Jumatatu. Nilikuwa nangojea useme.”

Nikamuuliza kwa nini yeye hakusema. Akajibu kwamba jambo halikuwa lake, na kwamba angelisema, kampuni ingefungwa na watu wengi wangekosa kazi, na hata hivyo hakulala vizuri. Alifariki miaka miwili baadaye. Nilikwenda mazishini nikasimama nyuma. Nilimkasirikia kwa kungojea, kisha nikajiona sina haki ya kumkasirikia mtu.

Imepita miaka kumi na moja. Wiki yangu ya mwisho, kabla ya kurudisha funguo za pikapu, nilikwenda pale. Njia ya zamani haipo tena. Gogo limeoza, limejaa uyoga, na asiyeambiwa hawezi kujua. Kazi yangu ilikuwa nzuri kama nilivyodhani. Kibao kilikuwa kimeinama. Niliking'oa, nikakitia kwenye gari langu, na Jumapili nikakipeleka Alexandria, kwenye fleti ya Mwangi, baada ya ibada.

Njeri alikuwa kazini. Wambui alikuwepo, sasa ana miaka ishirini na anasoma chuo. Mwangi aliniona na kile kibao mkononi, akacheka, akauliza kama nimeletewa zawadi ya kustaafu. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia Ijumaa mpaka kofia ya udongo.

“Rudia,” alisema.

Nikarudia.

“Wakati mimi napita, sign haikuwa.”

“Haikuwepo.”

“Ni gogo peke yake.”

“Gogo peke yake, nyuma ya mti. Hakuna mtu angeliona, Mwangi. Hata mimi nisingeliona.”

“Eleven years, Uncle,” alisema Wambui. Hakupaza sauti. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, na nitakuwa mwongo nikisema nilistahimili. Niliangalia zulia.

Nikamwambia Mwangi kwamba nimeandika maelezo mapya, nimeyasaini, Jumatatu yatakuwa kwa meneja na nakala yake ni hii, na afanye nayo apendavyo. Hakuipokea. Nikaiweka juu ya meza, karibu na kichupa chake cha dawa. Akakiangalia kile kichupa, akakichukua. Wambui akanyoosha mkono, kwa mazoea tu. Baba yake akatikisa kichwa.

Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kusoma kwa sauti. Jina lake. Jina la dawa. Vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, na chakula au bila chakula. Akakizungusha akasoma yale maandishi madogo ya pembeni, ya onyo, ambayo mimi na miwani yangu nisingeyaona, kisha namba, kisha tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakukwama popote. Wambui alikuwa ameziba mdomo kwa mkono ule ule aliounyoosha.

Mwangi akaweka kichupa chini.

“Niko fifty-four,” alisema. “Hospitali ilinitaka nikiwa forty-three. Enda, Bakari. Na hiyo kitu yako utoke nayo.”

Ndiyo hayo, wenzangu. Waraka huu nimeomba ubandikwe kwenye stoo, karibu na reki ya Papa, na yeyote atakayeona aibu kunisalimu barabarani nitamwelewa. Kibao kwanza. Hata kama mtaimbo haupo, hata kama mvua inakuja, hata kama udongo unarusha chepe.

Wambui alinifungulia mlango na kuufunga nyuma yangu. Nilisimama kwenye korido, kibao mkononi. Ndani, Mwangi alikuwa amechukua kitu kingine, gazeti au barua, sijui, na alikuwa anakisoma kwa sauti, neno kwa neno.